Mseja wa Ng'ombe Kumi na Wanane

Mwisho wa benchi la tatu, upande wa wanawake, ndipo mahali pa Nyanjige katika kigango cha Mwamapalala, na hakuna aliyewahi kumgombania. Ni miaka ishirini na miwili sasa, tangu kanisa lile liezekwe bati. Komunyo ikianza, Nyanjige husimama, hutoka kwenye benchi, huwapisha wenzake wakapokee, kisha hurudi kukaa peke yake kama mtu aliyeachiwa mizigo ya watu stendi. Wakirudi, husimama tena.

Na si kwamba ni mgeni pale. Mwenyekiti wa jumuiya ni yeye. Vitambaa vya altare anafua yeye. Padri akija, Jumapili ya pili ya kila mwezi, kuku anachinjwa kwa Nyanjige. Kila kitu cha kanisa lile kilipita mikononi mwake isipokuwa kimoja, na hicho kimoja ndicho alichokitaka.

Kizuizi kilikuwa na miguu miwili na fimbo. Ndalahwa, mumewe, alimuoa kwa ng'ombe miaka thelathini na moja iliyopita, na kanisani hawakufika; na bila ndoa ya kanisani, hakuna komunyo. Mke wa pili hana. Alibatizwa shuleni kwa jina la Thadei, jina alilolitumia mara moja akaliacha hapo hapo. "Mzee hana pingamizi lolote," Katekista Marcelo alipenda kusema, "ana visingizio tu." Tarehe ya kwanza ya ndoa, dume wake alipotea. Ya pili, alipeleka ng'ombe malishoni Bukundi, akarudi Pasaka imepita. Ya tatu lilimuuma jino, likaanza Jumamosi jioni na kupona gari la Padri lilipoondoka.

Mwaka huu Nyanjige alijipanga. Matangazo yalisomwa Jumapili tatu. Msimamizi alipatikana, Honorata, muuguzi wa zahanati aliyeletwa na kazi kutoka Rombo. Asubuhi ile ya Januari, kabla ya misa, Ndalahwa mwenyewe alikuwa ameketi sakristia, kando ya Nyanjige na Honorata, ameoga, hana jino linalouma. Kilichobaki ni kusaini fomu.

Padri Deogratias akavaa miwani, akasoma kwa sauti. "Thadei Ndalahwa. Miaka hamsini na saba. Mfugaji. Hali: mseja."

"Nani?" akauliza Ndalahwa.

"Wewe, mzee."

"Hebu rudia."

"Mseja. Kwa Kanisa, maana yake hujafunga ndoa."

Ndalahwa akamtazama Padri, akamtazama Marcelo, akatazama dari. "Padri, mwanangu Mwandu ana ndevu kukuzidi. Wajukuu ninao kumi na mmoja. Ng'ombe kumi na wanane nilimtolea huyu mama, na mmoja alikuwa na mimba. Leo mimi ni mseja?"

"Ni fomu tu, mzee wangu."

"Kama ni fomu tu, kata hilo neno."

"Siwezi kukata. Ni fomu ya jimbo."

"Basi lioe jimbo!" Akachukua fimbo yake, akaondoka. Kwa watu wa kule, mseja ni yule mwanaume anayezunguka jioni akitazama ni nyumba gani inafuka moshi. Ndalahwa, mwenye boma lake, hakuweza kulimeza neno hilo.

Fomu ya Nyanjige ilikuwa chini ya ile. Ilisema: hajaolewa. Alikuwa ameshaisaini.

Misa ikaanza. Komunyo ilipofika, alisimama akawapisha watu. Honorata, aliyekuja na kitenge kipya na ua kichwani kwa ajili ya harusi, alipofika usawa wake akamshika mkono. "Pole, mama Mwandu."

"Usinipe pole, mwanangu. Pita, unazuia foleni."

Alimpikia Padri, akaosha vyombo, akarudi nyumbani. Alimkuta mumewe kivulini, miguu ameinyoosha.

"Mama Mwandu, leo tunakula jioni?"

"Wewe nani?"

"Nini?"

"Nimesikia kanisani kwamba humu ndani anaishi mseja. Mimi nina wajukuu, siwezi kumpikia mwanaume asiye na mke, watu watanisema." Akabeba sufuria, mwiko na blanketi lake, akahamia kwa Minza, mke wa Mwandu, ng'ambo ya zizi.

Siku ya kwanza Ndalahwa alicheka sana. Siku ya pili alisonga ugali, ukaungua chini na juu ukabaki uji. Siku ya tatu alitafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kama mtoto wa shule, na kisimani wanawake wakawa wanaulizana kwa sauti kama kuna binti yeyote wa kumpa mseja wa watu, ana ng'ombe wengi ila shati lake linanuka moshi. Siku ya sita akatoka kwenda kwa Minza. Hakusogea karibu, maana jikoni kwa mkwe hapaingiliki. Akasimama kwenye miiba ya zizi, akakohoa.

"Mama Mwandu! Mzaha umekuwa mrefu."

Nyanjige akatoka na unga mikononi. "Mzaha upi?"

"Padri alinitukana mbele ya katekista. Mbele ya yule nesi. Ulitaka nikae?"

"Alikuita mseja mara ngapi?"

"Mara mbili!"

"Mara mbili, asubuhi moja, chumbani, mlango umefungwa." Sauti yake ilianza chini, ikapanda yenyewe. "Mimi naambiwa sijaolewa kila komunyo inapotolewa, baba Mwandu, mbele ya kanisa zima, na naambiwa nikiwa nimesimama! Watoto niliowafundisha ishara ya msalaba wananiomba njia wakapokee. Hata Justina, aliyeolewa juzi, ananikanyaga vidole akipita. Miaka ishirini na miwili! Wewe umekula michembe siku tatu unakuja kulia kwenye miiba!"

Ndalahwa akachora mchanga kwa fimbo. Yeye kanisani hukaa nje, ukutani, na wazee wenzake, wakizungumza bei ya pamba.

"Kwani huwa unasimama?" akauliza.

Nyanjige akageuka. Akarudi ndani, akapiga ugali mwiko mpaka Minza akaihofia sufuria.

Alhamisi iliyofuata Ndalahwa alienda kwa Marcelo, akaisaini fomu kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi. Jioni hiyo Nyanjige alirudisha sufuria nyumbani.

Jumapili ya pili ya Februari Ndalahwa alivaa koti la Mwandu, mikono ikimfika kwenye kucha, akaingia kanisani, ndani kabisa, akaketi kando ya mkewe upande wa wanawake. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana. Saa nne simu ya Marcelo ikalia. Akaisikiliza, akakuna kichwa, akasimama mbele.

"Tumsifu Yesu Kristo. Gari la Padri limezama kwenye tope la mbugani, huku upande wa Zagayu. Leo haji. Tutasali ibada, komunyo nitatoa mimi. Na ile ndoa..." akamtafuta Nyanjige kwa macho, "mayu, mama yetu, Jumatano ya Majivu inaingia. Kwaresima hatufungishi. Itakuwa baada ya Pasaka."

Kanisa likaguna. Nyanjige hakuguna. Mdomo wake ulijaa maneno yasiyofaa kusemwa mahali pale.

Komunyo ikafika. Akasimama. Ndalahwa, aliyekaa upande wa ndani, naye ikabidi asimame, atoke, ajibane ukutani na koti lake. Benchi zima likapita mbele yake. Justina akamkanyaga. Walipobaki wawili wakaketi, benchi tupu kwao kama uwanja. Mara watu wakaanza kurudi, wakasimama tena.

"Ndivyo mnavyofanya kila mara?" akanong'ona Ndalahwa.

"Ndivyo ninavyofanya mimi."

"Mpaka Pasaka?"

"Wewe unaweza kwenda kukaa nje."

Ndalahwa akautazama mlango. Nje kulikuwa na mvua, na wazee wenzake, na bei ya pamba. "Sogea ndani," akasema, akakaa yeye mwisho wa benchi, fimbo katikati ya magoti, akiwakunjia uso wote waliopokea kana kwamba wamemla dume wake.

Nyanjige akaanza kuhesabu kwa vidole Jumapili zilizobaki mpaka Padri aje baada ya Pasaka. Zikawa tisa. Akahesabu upya, polepole, labda alikosea.