Pombe ya Fransiska

Siku wapimaji wa viwanja walipopita mtaani, pembezoni mwa Sumbawanga, Fransiska alikuwa uani akipepeta ulezi. Wakamwuliza mwenye nyumba ni nani. Akajibu kama mama yake, kule kijijini Kate, alivyomfunza kujibu mbele ya wageni.

"Ni baba Jenifa. Mimi nakaa kwake tu."

Ndivyo anavyosema mwanamke mwenye adabu. Likaandikwa jina moja, la mumewe Zenon, na hati ikatoka na jina hilohilo.

Baadaye Zenon akataka kuuza nyumba, ahamie Wampembe, kando ya ziwa, kufanya biashara ya dagaa. Mnunuzi alikwishapatikana: Obed, mfanyabiashara aliyetoka Mbeya. Kilichobaki kilikuwa sahihi ya mke. Fransiska akakataa kusaini, na Zenon akampeleka baraza la kata.

Sasa alikuwa amekaa kwenye benchi la baraza, mikono mapajani. Nyumba ikienda, hana pa kurudi. Shamba la baba yake, kaka zake walikwisha kugawana. Alijua hivyo. Alisubiri hasira ije, au machozi, hakuna kilichokuja. Alikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi: unauona, ni wako, ila huusikii.

"Shahidi wangu ni jirani yetu, Yohanes," alisema Zenon. "Alikuwapo siku ya wapimaji."

Yohanes akasimama, kofia mkononi. "Ni kweli, mama mwenyekiti. Nilisikia kwa masikio haya. Shemeji alisema nyumba ni ya mumewe, yeye anakaa tu."

"Fransiska, ulisema?" aliuliza mwenyekiti.

"Nilisema."

Zenon akaegemea ukuta kama mtu aliyetua mzigo.

Mwenyekiti, mama Avelina, hakuwa na haraka. "Yohanes, nyumba hii ikijengwa ulikuwapo?"

"Nisiwepo vipi! Matofali ya tanuru zima tulibeba sisi majirani. Mgongo wangu unakumbuka mpaka leo."

"Mlilipwa nini?"

"Kulipwa? Mama nawe! Si ilikuwa kazi ya kuitana? Tulikunywa pombe."

"Pombe ya nani?"

"Ya shemeji hapa. Ulezi alilima mwenyewe, akapika mwenyewe. Na pombe ile, acha tu! Watu walibeba hata matofali ambayo hayajapoa." Watu wakacheka, naye akanogewa. "Mpaka leo tukipita pale tunasema, nyumba hii ni pombe ya Fran..."

Akamtazama Zenon, kisha akaanza kuizungusha kofia mkononi.

"Pombe haijengi nyumba," alisema Zenon.

"Kwa hiyo matofali yalitembea yenyewe, baba Jenifa?" Mama Avelina hakucheka. "Sisi hapa tunasuluhisha, hatuamui. Lakini bila ridhaa ya mkeo huuzi. Ukiona tumekuonea, nenda baraza la wilaya. Na shahidi wako mchukue, anasema vizuri."

Walirudi nyumbani pamoja, maana hapakuwa na kwingine pa kurudi. Zenon mbele, Fransiska nyuma, kama wanavyotoka kanisani. Upepo wa uwanda ulikuwa mkali, hakuna aliyemwambia mwenzake kuwa kuna baridi. Fransiska alisubiri furaha. Nayo haikuja. Akawasha moto, akabandika maji ya ugali. Zenon akakaa kwenye kigoda chake kilekile.

Maji hayakuwa yamechemka bado mtu alipobisha. Alikuwa Obed, amekuja kujua mambo yameishaje.

"Hodi! Mwenye nyumba yupo?"

Zenon alimtazama mkewe, akangoja, kama anayeisubiri ile adabu ya Kate.

Fransiska akafuta mikono kwenye kitenge, akasogea mlangoni.

"Karibu, baba. Wenyewe tupo," alisema. "Ila haiuzwi."

Kisha akarudi jikoni, akatia unga kwenye maji, akasonga ugali wa watu wawili.