Harufu Nyuma ya Kabati

Walipohamishwa kutoka ufukweni Tungue kupisha mradi wa gesi, Nazira na mumewe Rafique walipewa nyumba ya matofali iliyoezekwa bati. Mama yake Rafique, Bi Zaida, alikataa kulala chumbani mwake. Alitandika mkeka barazani, akisema chumba kinanuka.

"Amekumbuka kwao tu," Rafique alimwambia mkewe. "Atazoea."

Mvua zilipokwisha, Nazira alitoa kanga za mkwewe kabatini ili azianike, akaziona zina madoa meusi. Akamwita mumewe, wakalisogeza kabati. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeota ukungu mweusi toka chini hadi usawa wa kifua, na rangi ilibambuka kila walipoigusa.

"Kumbe mama alisema kweli," Rafique alisema taratibu.

Waliukwangua ukuta, wakausugua kwa dawa, wakaacha dirisha wazi mpaka ukakauka. Kisha Rafique alimwendea mama yake barazani.

"Utuwie radhi, mama. Harufu imetoka. Njoo ulale ndani."

Bi Zaida aliingia, akanusa, akaweka kiganja ukutani.

"Kweli imetoka," alisema. "Lakini kule kwetu, alikofia baba yako, nilikuwa nikilala nasikia maji yakijaa. Humu sisikii kitu, mwanangu."

Bi Zaida akarudi barazani. Jioni ile Nazira alichukua mkeka wake, akautandika karibu na mkwewe. Bi Zaida akaanza kuisimulia nyumba yao ya udongo ya kule ufukweni, chumba baada ya chumba, na Nazira akawa anamkumbusha alipopasahau.