Dizeli ya Kwenda na Kurudi

Seremala alikuwa na pikapu ya dizeli iliyoizidi ndoa yake umri. Aliinunua ikiwa imeshapita mikono ya watu wengi, mlango wa kushoto unafungwa kwa kamba na mshale wa mafuta umelala chini, haujui tank imejaa wala imekauka. Haikumsumbua. Ilimletea mbao kutoka kiwandani, ilipeleka vitanda na makabati kwa wateja, na kama ilikunywa zaidi ya kawaida, bei ya kitanda ilipanda kidogo na maisha yakaendelea.

Kisha mkewe akaugua. Uvimbe tumboni, walisema, na mashine ya mionzi ilikuwa kwenye hospitali ya mji mwingine, mwendo wa asubuhi nzima. Ilibidi aende kila wiki. Basi hakuliweza, maana kukaa wima kulimuumiza, lakini kwenye kiti kirefu cha pikapu aliweza kujinyoosha, kichwa kwenye mto karibu na mlango wa kamba, miguu kwenye mapaja ya mumewe. Ndipo dizeli ilipogeuka kuwa jambo la kumnyima mtu usingizi.

Seremala alimpelekea gari makanika, rafiki yake wa siku nyingi, akamwambia limekuwa mlevi, alitafutie dawa. Makanika alisafisha nozeli, akabadilisha chujio la hewa lililokuwa jeusi kama sufuria ya msibani, akalegeza breki ya nyuma iliyokuwa imeshika gurudumu bila mtu kujua, akajaza upepo matairi yote. Alipomaliza alifuta mikono, akasema ukweli ambao seremala hakuutarajia.

"Kilichobaki si gari. Ni mguu wako. Unakanyaga mafuta kama unaua nyoka."

Tangu siku hiyo seremala akajifunza mguu upya. Aliondoka taratibu, akabadilisha gia kabla injini haijalalamika, akauona mlima kwa mbali na kujiandaa nao mapema. Mabasi yalimpita yakimpigia honi ndefu. Wapiga debe wa njia ile walimbatiza jina la Kobe, na jina likafika mtaani kabla yake. Mkewe alilipenda. Kila walipopitwa na baiskeli kwenye mteremko alikuwa akifungua jicho moja na kusema, "Mwenda pole hajikwai, lakini na kufika nako ni muhimu, fundi."

Alianza pia kupunguza uzito. Alifungua bampa la chuma, akaliweka nyuma ya karakana. Akatoa keria, akatoa sanduku la vifaa, akatoa fremu ya turubai. Gari likabaki kama kuku aliyenyonyolewa. Mkewe alimuuliza kama siku moja atamshusha na yeye, na wakacheka wote wawili.

Kulikuwa na mzigo mmoja ambao hakuweza kuutaja kwa jina lake. Mama mkwe wake aliishi nyumba ya tatu kutoka kwao, mjane, mtu wa mwili, na huyu mgonjwa ndiye mtoto pekee aliyebaki naye duniani. Siku ya safari ya kwanza alikuja alfajiri amevaa vizuri, mkoba mkononi na chupa ya uji kwapani, tayari kupanda. Seremala alimtazama, akakitazama kiti, akapiga hesabu ya dizeli kichwani, na ulimi ukamtangulia. Alisema daktari amekataza mgonjwa kusindikizwa na watu wengi. Mama hakubisha. Alimpa binti yake chupa kupitia dirishani, akamfunika miguu vizuri, akabaki getini.

Wiki iliyofuata alikuja tena, mkoba uleule. Na iliyofuata. Hakuomba. Alitoa chupa, akasimama getini mpaka gari likate kona, na kwa mwendo ule wa Kobe gari lilichukua muda kuikata kona. Seremala alijizoeza kutotazama kioo.

Kupunguza kuna utamu wake. Ukishaanza, mkono hauachi. Kila waliporudi seremala alipita kituo kilekile cha mafuta, akajaza tank mpaka mdomoni, akaona dizeli imeingia kiasi gani. Ilikuwa ikipungua. Siku moja iliingia kidogo mno hata mjazaji akauliza kama kweli wametoka hospitali au wameishia njiani. Seremala alirudi garini uso unameremeta, akamwambia mkewe kwamba safari ya leo gari limekunywa kama kifaranga.

Mkewe alikuwa ameegemea mlango, kanga imemzunguka mara mbili mahali ilipokuwa ikimzunguka mara moja.

"Si gari," alisema. "Ni mimi ninayepungua."

Alisema kwa utani, kama kawaida yake. Seremala alimwekea mto sawa. Akawasha gari. Kuanzia hapo hakutaja tena kilichoingia kwenye tank, wala mkewe hakuuliza.

Safari ya mwisho madaktari hawakumruhusu mgonjwa kurudi. Wakamlaza. Seremala alilala kwenye benchi la ukumbini, na asubuhi alipoingia wodini alimkuta mkewe macho yako wazi na yametulia, kama mtu aliyekwisha kumaliza kazi zake. Alimwomba jambo moja.

"Niletee mama."

Hakusema haraka, lakini muuguzi aliyekuwa akibadilisha dripu alimtazama seremala kwa namna ambayo haikuhitaji maneno. Seremala alimwachia mkewe simu chini ya mto, ampigie mama ajiandae, akatoka karibu anakimbia. Siku hiyo mguu uliofunzwa ulisahau masomo yote. Alikanyaga mpaka chini. Pikapu ililia, ikatapika moshi mweusi, ikayapita mabasi ambayo makondakta wake walichungulia wasiamini kuwa huyo ni Kobe.

Alimkuta mama mkwe ameketi getini kwake juu ya kigoda. Amevaa vizuri, mkoba miguuni. Alinyanyuka, akapanda, akavuta kamba ya mlango kama mtu aliyepanda gari hilo maisha yake yote.

Kituo cha mafuta kilikuwa na foleni ya malori mpaka barabarani. Seremala alikumbuka dumu la akiba karakanani. Kwa mwendo wake wa siku zote dumu lile lingewafikisha na mafuta yakabaki. Alilimimina lote, akarudi barabarani, na akakanyaga vilevile. Alijua anachofanya, mtu aliyejifunza mguu miezi yote ile hawezi kudai hajui. Ila picha ya yule muuguzi ilikuwa mbele ya kioo, na kila alipojaribu kuulegeza mguu ulirudi chini wenyewe.

Walikuwa wameshaona minara ya mji ule kwa mbali injini ilipokohoa. Ikakohoa tena. Ikazima katikati ya mlima, kimya, wakabaki wanasikia upepo.

Seremala alijua kabla hajashuka. Alisimamisha magari, la kwanza likapita, la pili likapita. Dereva wa lori la mawe ndiye aliyesimama, akamnyonyea dizeli kwenye dumu. Lakini dizeli si petroli. Injini ya dizeli ikikauka huvuta hewa kwenye mipira ya mafuta, na humimini ukawasha ukaenda. Lazima uitoe hewa yote kwanza. Spana zilikuwa kwenye sanduku, na sanduku aliliacha karakanani ili kupunguza uzito. Dereva wa lori akamwachia spana moja na faneli ya kumiminia, akaenda zake.

Mama mkwe alishuka, akafunga kanga kiunoni, akashika faneli huku seremala akimimina. Kisha seremala akalegeza skrubu ya kwenye chujio la dizeli, akaanza kupampu kwa kidole gumba kitufe kinachosukuma dizeli. Mapovu yakatoka. Akapampu. Mapovu. Spana ikamponyoka ikaanguka chini ya injini, na alipoinama kuitafuta alianza kusema, akiwa hapohapo chini ambako mama hawezi kumwona uso.

"Mama, yule daktari hakukataza. Ni mimi..."

"Najua, mwanangu. Mkeo aliniambia mwenyewe wiki ileile. Akaniomba nisikusumbue. Pampu."

Alipampu. Mapovu yakawa madogo, hatimaye dizeli ikatoka safi, laini kama uzi. Akakaza skrubu. Injini ikazunguka, ikagoma, ikazunguka, ikashika.

Jua lilikuwa limeegemea walipoingia wodini. Kitanda kilikuwa kimezungushiwa pazia. Muuguzi wa asubuhi alikuwa bado zamu, akawafuata mlangoni, akawashika mikono wote wawili, akasema ametutoka sasa hivi, hata baridi haijamwingia. Mgonjwa alikuwa akiutazama mlango, alisema, kila mtu alipoingia.

Mama aliingia ndani ya pazia peke yake. Seremala alibaki ukumbini, mikono inanuka dizeli, akijua ule muda wote aliouokoa kwa kukimbia na ule alioupoteza mlimani, na kwamba laiti angekuwa Kobe siku hiyo moja tu angekuta macho yamefunguka. Hakuna aliyemwambia hesabu hiyo. Hakuhitaji kuambiwa.

Baada ya mazishi watu walisubiri ugomvi, maana mitaa hupenda ugomvi wa mkwe na mkwe. Haukuja. Mama aliendelea kuishi nyumba ya tatu, seremala akaendelea kupeleka vitanda. Siku moja alimkuta mama njiani na kiroba cha mkaa, akasimama, akampakia. Wakakaribia nyumbani.

"Kuna jambo nataka ulijue," mama alisema. "Pale mlimani, nimeshika faneli, mwanangu alikuwa bado hai. Ungenifikisha upesi ningemkuta akihangaika, labda. Au angeniaga, sijui. Lakini pale mlimani alikuwa hai, na mimi nilikuwa njiani kwake. Mara nyingi narudi palepale."

Seremala alitaka kuuliza kama anasema kweli au anamhurumia. Alizima gari, akafungua kamba ya mlango, akashusha kiroba, akakibeba mpaka jikoni kwake. Mama akampa maji ya kunawa mikono, akamshikia taulo. Kisha seremala akarudi karakanani, kwa kuwa kulikuwa na kitanda cha mtu kinachosubiri kupigwa vanishi.