Nani Aliwasha ya Zamani

Divine hakutulia tangu gari la kampuni lilipopita Kabingo. Kila lilipopunguza mwendo aliinua shingo kutazama mbele, na kila lilipoongeza aliupapasa mkoba wa kompyuta kuhakikisha haukubaki Rubondo, kwenye makazi ya wakimbizi walikoishi, ingawa ulikuwa mapajani mwake. Kaka yake Appolinaire alikuwa amejilalia kwenye kiti cha nyuma, kinywa wazi, usingizi wa mtu ambaye kazi si yake.

Na kweli haikuwa yake. Ilikuwa ya Divine: kufunga swichi tatu za mtandao, visanduku vya kugawia kompyuta mtandao, kwenye raki ya chuma ya zahanati moja ya binafsi upande wa Ruharo, mjini Mbarara. Tajiri wao Kamugisha, mwanajeshi mstaafu, alikuwa amemwambia waziwazi kwamba mtandao ukiwaka bila kasoro, yeye ndiye atakayesimamia kazi inayofuata, kuunganisha shule za Rubondo. Divine aliitaka kazi hiyo mpaka chakula kikawa hakimpiti kooni. Rubondo watu walimjua kuwa mdogo wake Appolinaire, basi. Alitaka wamwone siku moja amesimama mbele, watu wakingoja aseme.

Kosa lake lilikuwa kumleta kaka. Appolinaire hakuwa mvivu. Kule Uvira walikotoka alikuwa fundi wa umeme, na baba yao alipofariki ni yeye aliyemsomesha Divine. Sasa hakuwa na kazi, na mama yao Marthe akasema si vizuri mtoto wa pili atoke kila asubuhi na wa kwanza abaki kuwachunga kuku. Basi Divine akamwombea kibarua. Heshima si utumwa, husema watu, hasa wale wanaoheshimiwa.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Wakazifunga swichi moja juu ya nyingine, wakaziunganisha kwa nyuma kwa kebo fupi, ya juu kwa ya kati, ya kati kwa ya chini, ya chini ikarudi kwa ya juu, ili zote tatu zifanye kazi kama moja. Mbili zilikuwa mpya. Ya tatu ilikuwa kuukuu, ilitoka katika ofisi ya kwanza ya zahanati na bado ilikuwa na mipangilio ya huko. Hapo ndipo penye mtego. Swichi zilizounganishwa hivyo huwa na mkuu mmoja, na inayotangulia kuwashwa ndiyo inayoshika ukuu. Zinazofuata huacha mipangilio yao na kufuata ya mkuu. Kwa hiyo ile mpya ya juu, ambayo Divine aliipangia kila kitu, ilipaswa kuwashwa kwanza na kuachwa itulie.

Fundi mwingine angesema usiguse, yakaisha. Divine hakuweza. Unamwambiaje hivyo mtu aliyekubeba mgongoni mkikimbia risasi? Akasema kwa adabu, macho chini, kwamba labda ingefaa ile mpya itangulie, kaka akiona vema. Kisha akaitwa mapokezi kuangalia kompyuta za huko.

Kaka hakuona vema. Aliyasikia maoni, akayapima jinsi mkubwa anavyopima maoni ya mdogo, akayaweka kando. Kwao mtoto hanawi mikono kabla ya mkubwa. Akaiwasha ile kuukuu, akaiacha ipumue, ndipo akawasha nyingine.

Divine aliporudi taa zote zilikuwa za kijani, lakini kompyuta za mapokezi hazikuona mtandao hata mmoja, na foleni ya wagonjwa ilikuwa imefika mlangoni.

"Kaka, uliwasha gani ya kwanza?"

"Ile ya zamani. Si ndiyo mukubwa? Imeshafanya kazi mingi kupita hizi batoto."

Akazima zote, akafungua kompyuta yake kutafuta nakala ya mipangilio. Nje mama mmoja aliuliza kama leo watatibiwa au warudi nyumbani. Appolinaire akauliza kama kuna kitu cha kusaidia. Divine akasema hapana, kaka, na wakati huohuo Kamugisha akaingia.

Kiswahili cha Kamugisha kilikuwa cha kambi ya jeshi, kifupi, hakina mapambo. Aliitazama raki iliyozimwa, akaitazama foleni.

"Nani naharibu hii? Mimi nataka jina tu."

Divine akangoja. Appolinaire alikuwa akizikagua kebo kwa makini sana, kana kwamba swali limeulizwa chumba kingine.

"Ni mimi, bosi," Divine akasema. Alidhani kaka yake atamkatiza. Hakumkatiza.

Kamugisha akaguna. Akasema basi Rubondo hawezi kumpa. Kule kuna shule, si mahali pa kujifunzia. Akamgeukia Appolinaire, akamuuliza kama anajua umeme. Appolinaire akajibu kwamba ameufanya miaka mingi. Kamugisha akasema basi Rubondo atasimamia yeye, mtu mzima, mwenye utulivu.

Appolinaire akanyoosha mgongo. Divine hakuwa amemwona amesimama hivyo tangu wavuke mpaka, na kwa kitambo kidogo alifurahi, kweli kabisa alifurahi.

"Aksanti, bosi," kaka akasema. "Na mudogo yangu tutaenda naye. Atanisaidia. Hii ni makosa ya kitoto tu, atajifunza."

Hapo ikamchoma Divine. Kumsitiri kaka alikuwa radhi, hata kwa gharama ya Rubondo yote. Kusamehewa na kaka kwa kosa la kaka kulimshinda.

Tangu ajue kusema, hakuwahi kumwita kaka kwa jina. Hakuna aliyemkataza, jambo lenyewe halikuwapo nyumbani mwao.

"Ni Appolinaire aliiwasha," akasema. "Mimi nilimuambia vibaya, sikumukataza. Lakini ni Appolinaire."

Appolinaire alimtazama mdogo wake kwa muda, akitafuta usoni pake mtoto fulani aliyemzoea, asimwone. Kisha akaiweka bisibisi juu ya raki, taratibu, akatoka. Akaketi kwenye benchi pamoja na wagonjwa, akangoja mtandao urudi kama wao.