Mpira Uliokataa Kutua

Kinyozi alianza gofu ukubwani, na alipiga mpira kama mtu anayepakua supu. Fimbo ilishuka vizuri tu, lakini ikikaribia mpira, kifundo cha mkono wake wa kushoto kilikunjika, kiganja kikajibinua, na mpira ukaruka kidogo ukaanguka palepale karibu, kama uliotemwa. Kiwanjani walisahau jina lake. Walimwita Kijiko.

"Shida yako unataka kuuinua mpira," Mwalimu wa gofu alimwambia. Alikuwa mama mwembamba, mchache wa sifa. "Nani kakutuma uuinue? Fimbo ina kazi yake. Wewe mgongo wa mkono wa kushoto uwe bapa kama mlango, utazame kule unakotaka mpira uende. Mikono itangulie, kichwa cha fimbo kifuate. Ukishapiga, mkono wa kulia upite juu ya wa kushoto, yote miwili ipande mpaka bega la kushoto. Ugande hapo."

"Nigande mpaka lini, Mwalimu?"

"Mpaka mpira utue. Kwangu hakuna anayeshusha mikono mpira ungali hewani. Ni kukosa adabu."

Sheria hiyo ilikuwa ya kiwanja kile tu, na wageni waliicheka. Wenyeji waliishika kama salamu. Ungewakuta wamesimama na fimbo nyuma ya shingo, kimya kama masanamu, wanasikilizia mpira ufike.

Asubuhi moja ya ukungu mzito Kijiko alikwenda kiwanjani na shemeji yake, kaka wa mkewe, muuza matairi ambaye mdomo wake haukuwa na breki.

"Kijiko, leo unatupakulia nini?"

"Leo, Shem, utakula maneno yako."

"Sawa, lete na chumvi."

Kijiko akapiga. Mkononi hakusikia kitu, hata ule mtikisiko wa kawaida. Aliona tu mgongo wa mkono wake ukipita juu ya majani, umenyooka bapa, bila kikunjo hata kimoja. Mlio ulikuwa mdogo na safi, kama kufuli inayofunga. Mpira ukazama kwenye ukungu. Mikono ikapanda begani yenyewe, laini, ikatulia.

Wakasikilizia.

"Umeangukia majani," alisema shemeji.

"Tungesikia majani."

Wakasikilizia tena, mpaka shemeji akachoka. "Haya, shusha basi, twende tukautafute."

Kijiko akashusha. Yaani alitaka kushusha. Mikono ilibaki pale begani, imeshikana kando ya sikio. Haikuuma wala haikufa ganzi. Ilikuwa kama mtu aliyempa mwenzake mkono, na mwenzake hataki kuachia.

"Acha mchezo, Shem."

"Sichezi."

Shemeji akaichomoa fimbo, akaning'inia kwenye kiwiko cha Kijiko kwa uzito wake wote wa muuza matairi, miguu ikaacha ardhi. Mikono haikusogea. Hapo ndipo waliposikia mvumo, mwembamba kama wa mbu, ukipita juu ya ukungu kutoka upande mmoja wa kiwanja kwenda mwingine. Shemeji akakiachia kiwiko, akatazama juu.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Njiani watu waliiona mikono kando ya shavu wakampa Kijiko pole ya jino, naye akaipokea.

"Baba watoto, nani kakufunga hivyo?" mkewe aliuliza mlangoni. Akamshika kifundo cha mkono na kukiachia upesi. Jua lilikuwa limeshachoma, ukungu umeisha, lakini glavu yake ya gofu ilikuwa imelowa umande na kwenye mishono imeganda barafu. "Mkono huu umetoka wapi?"

"Uko hapa hapa, mama watoto. Si unauona?"

"Nauona. Lakini hauko hapa."

Akamlisha uji kwa kijiko, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Jiulize kinyozi asiye na mikono atakula nini. Nyembe zililala kwenye droo, mashine ikaning'inia kwenye msumari. Wateja walichungulia, wakamkuta ameketi kwenye kiti chao mbele ya kioo kikubwa, mikono begani, wakahamia kwa jirani. Daktari alimpa dawa ya kuchua. Mke akachua mpaka akaishiwa nguvu, na kucha za mumewe zikazidi kuwa za bluu. Kila mvumo ulipopita juu ya paa la duka, vifundo vilikaza kidogo na kugeuka kidogo, vikiufuata.

Na ubaya wenyewe ni kwamba Kijiko alianza kupenda. Alijitazama kiooni, akaona mkono ulionyooka vile, akajikuta anatabasamu.

Mwalimu alipopata habari akaja dukani. Akamzunguka kama fundi anayekagua kabati.

"Kifundo kizuri," alisema. "Sijapata kuona kizuri hivi."

"Asante, Mwalimu."

"Asante ya nini, mjinga wewe? Mikono inakufa hiyo. Tangaza kwamba mpira umepotea. Ukishatangaza, si wako tena, na huna cha kungojea."

"Lakini haujapotea. Nausikia."

"Mwenye kuupiga ndiye mwenye kutangaza. Siwezi kukusemea mimi, wala mkeo."

"Mwalimu, maisha yangu yote nimepiga mpira mmoja tu wa maana. Ndio huo, uko juu."

"Na mikono unayo miwili tu," mkewe alisema kutoka mlangoni. "Iko chini huku, na sisi."

Mvumo ukapita. Kijiko akaungoja uwe katikati ya paa, autazame kwa masikio mara ya mwisho.

"Umepotea," alisema.

Mikono ikaanguka mapajani kama taulo mbichi. Mvumo ukakatika papo hapo, kama mtu aliyeitwa jina akasimama. Mke akaidaka ile mikono, akaipulizia pumzi huku analia. Mwalimu alitoka hadi kizingitini, akatazama juu kwa muda mrefu.

"Mpira unakwenda wapi sasa?" Kijiko alimuuliza.

"Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo," alisema, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake duka likafunguliwa. Mteja wa kwanza alikuwa shemeji, amekuja kumtia moyo.

"Ukinikata sikio, Shem, utalivaa wewe."

Kijiko akacheka, akamfunga kitambaa shingoni, akaweka mkono wa kushoto utosini kwake ainamishe kichwa. Mkono ulikuwa bado baridi. Shemeji akafumba macho, akatulia mno.

"Shem, mbona naona mapaa?"

"Mapaa gani?"

"Ya mji. Nayaona kwa juu. Lile pale la soko."

"Umesinzia."

"Sijasinzia, naongea na wewe." Vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania mikono ya kiti. "Hili lenye tangi jeusi, lenye bati lililotoboka, si la duka lako?"

Kijiko alitaka kuuondoa mkono. Ukakataa, kama siku ile mpira ulipokuwa hewani.

"Liko mbali?" aliuliza.

"Lilikuwa mbali," alisema shemeji.