Magauni Tisa ya Fundi

Mume wangu alikuwa fundi cherehani wa hospitali, na mimi nilikuwa dobi wa hospitali hiyo hiyo. Kati ya chumba chake na changu kulikuwa na dirisha lisilo na kioo. Shuka likichanika nililipitisha hapo, naye akalitia kiraka na kulirudisha bila hata kuinua macho. Watu walimwita Sindano, kwa wembamba wake, si kwa kazi yake. Naandika haya kwa sababu watoto wameanza kusahau sauti yake, na sitaki wiki ile ya magauni ipotee.

Alikuwa ameambiwa chumba chake kitafungwa mwisho wa mwezi. Hospitali ilinunua kila kitu kutoka nje kikiwa kimeshonwa tayari: mashuka, foronya, hata magauni ya upasuaji, yale ya kuvaa mara moja na kutupa. Cherehani ya nini tena? Hakulalamika. Alianza tu kurudisha vitu vyake nyumbani kidogo kidogo, leo mkasi, kesho rula.

Kisha ushuru ukapanda. Afisa ugavi, mtu mnene mwenye maneno mengi, alikuja na karatasi mkononi akasimama katikati ya chumba cha mume wangu.

"Shemeji, sogea nawe usikie," akaniita dirishani. "Wameongeza ushuru wa nguo zinazotoka nje, ili viwanda na mafundi wa hapa wapate kazi. Sasa kule forodhani gauni la daktari na shati la kuendea harusini ni kitu kimoja. Yote nguo. Boksi la magauni limepanda karibu nusu ya bei yake, na mimi fungu langu la fedha ni lile lile. Kitambaa cha jora, kisichoshonwa, ushuru wake haukuguswa."

"Kwa hiyo?" mume wangu akauliza.

"Kwa hiyo kufa kufaana, Sindano. Nina pamba nzito boharini. Nishonee magauni kumi na mawili. Sista wa chumba cha upasuaji akiyakubali Ijumaa, chumba hiki hakifungwi. Akiyakataa, mimi na wewe hatujuani."

"Na wagonjwa?" nikauliza mimi.

"Waliopangiwa Jumatatu wanasubiri hayo hayo, shemeji. Ushuru haujui mgonjwa."

Alishona siku tatu. Kifuani na mikononi aliweka kitambaa mara mbili, akakaza nyuzi, kisha akamwaga kikombe cha maji juu yake na kungoja. Maji yalikaa juu kama kwenye jani la mgomba. Usiniulize alifurahi vipi. Alikunywa chai iliyobaki kwenye birika bila kuona kwamba imepoa.

Ijumaa asubuhi Sista alikuja. Alikuwa mwanamke mfupi, asiyecheka ovyo. Alivuta mishono, akapima mikono ya gauni kwa mkono wake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaligeuza upande wa mbele.

"Fundi, na hiki?"

"Mfuko, Sista. Wa kalamu."

"Mfuko."

"Nguo bila mfuko ni shuka tu."

Sista aliingiza vidole mfukoni. "Baba, mkono wa daktari ukiingia humo, unatoka mchafu. Na mkasi ukipotelea humo, mimi nitautafuta tumboni mwa mgonjwa. Toa mifuko yote. Narudi kesho jioni."

Alipoondoka nilicheka mpaka nikashika ukuta. Miaka thelathini mtu anashona suruali na mashati ya wafanyakazi, mkono umejizoesha. "Cheka, mama watoto, cheka," akasema, huku akinipa magauni sita nifumue. Tulifumua pamoja, kila mmoja upande wake wa dirisha.

Kicheko kiliisha tulipomwaga maji tena. Pale mifuko ilipokuwa, sindano ilikuwa imeacha vitundu, na maji yakapita tone moja moja hadi mezani. Gauni la kwanza, la pili, la tatu. Yote kumi na mawili.

"Yafue," akaniambia. "Uzi wa pamba huvimba, labda vitundu vitaziba."

Niliyafua kwa maji ya moto nikayapiga pasi. Vingine viliziba, vingine havikuziba. Alikaa akiyatazama, mikono katikati ya magoti. Nilitaka kumwambia tumejitahidi, basi, turudi nyumbani. Lakini alisimama, akachukua mkasi, akakata vifua vyote kumi na viwili.

"Umefanya nini?"

"Kitambaa kimebaki. Sijui kitatosha vifua vingapi. Hesabu."

Kilitosha tisa.

Jumamosi jioni Sista alimwaga maji yeye mwenyewe, juu ya kila gauni, bila haraka. Alipomaliza alihesabu. "Niliahidiwa kumi na mawili."

"Kumi na mawili yangevuja, Sista. Haya tisa hayavuji."

"Jumatatu nina wagonjwa wawili, na kila meza watu wanne, madaktari na wauguzi," akasema. "Yanatosha. Ila nitaamini yakishatoka huko ndani."

Jumatatu mchana kapu la nguo za upasuaji lilifika kwangu. Nilivaa glavu, nikachukua gauni lililolowa damu kuliko mengine, nikaligeuza ndani nje. Kifua kilikuwa kikavu na cheupe kama kilivyotoka kwenye pasi. Sikulipitisha dirishani. Nilizunguka nalo hadi mlangoni kwake, nikamkuta ameinama mezani, chaki mdomoni.

Alipapasa mshono kwa kidole kimoja. "Wagonjwa?"

"Wote wawili wako wodini. Mmoja ameshaomba maji ya kunywa."

Akatoa chaki mdomoni. "Lifue vizuri. Sista amelitaka tena kesho."

Jioni ile, njia nzima ya kurudi nyumbani, alinieleza habari za mikono ya magauni: kwamba ya Sista ipunguzwe kidogo, na ya yule daktari mrefu iongezwe vidole vinne. Nilikuwa nimechoka, na nusu ya maneno sikuyasikia. Nilimwacha aseme.