Matone Kwenye Ukingo wa Meza

Kwa dobi alikofanya kazi walimwita Bi Madoa, na jina hilo hakulikataa. Doa la kumshinda lilikuwa bado halijazaliwa. Ndiyo maana asubuhi ile, alipoingia nyumbani kwa baba mkwe wake na kukuta nta ya mshumaa kila mahali, alikunja mikono ya blauzi kwa furaha.

Mzee alikuwa ametoka na jirani kwenda kunyolewa. Mchana mumewe Bi Madoa angekuja kuamua jambo moja: baba yake, fundi cherehani mstaafu, aendelee kuishi peke yake, au ahamie kwao na nyumba ipangishwe. Mzee hakutaka kuhama, na mkamwana wake alikuwa upande wake.

"Mume wangu akiona nta hizi atasema mzee anasinzia na mshumaa mkononi," alijiambia, akaingia kazini.

Kwenye ukingo wa meza, mbele ya kiti cha mzee, palikuwa na tone nene. Aliliwekea barafu ndani ya mfuko wa plastiki mpaka likakakamaa, kisha akalibandua kwa rula, taratibu, asije akakwaruza mbao. Ukutani matone yalifuatana usawa wa kiuno, kutoka chumbani hadi bafuni. Aliyafunika kwa karatasi ya kaki na kupitisha pasi yenye moto mdogo mpaka karatasi ikanywa nta yote. La kwenye kitufe cha jiko alilikwangua kwa ukucha. Aliona kabisa kwamba ya ukutani yamepangana kama mishono ya mkono. Aliona, akacheka, akaendelea kupiga pasi.

Mzee aliporudi aliweka kiganja ukutani kama kawaida yake. Kiganja kikateleza, kikarudi nyuma, kikatafuta. Akasimama katikati ya korido ya nyumba yake mwenyewe.

"Umefanya usafi, mama?"

"Nimetoa nta yote, Baba. Hata alama huoni."

"Kweli," mzee akasema polepole. "Siku hizi sioni."

Bi Madoa aliutazama ukuta alioupiga pasi. Alitaka kusema neno, lakini mumewe alikuwa tayari anabisha hodi.

Mzee hakukubali mtu mwingine amkaribishe mwanawe chai. Alimimina mwenyewe, akapapasa ukingo wa meza kwa kidole gumba, akapapasa tena, kisha akakiweka kikombe hewani. Kilipasukia sakafuni. Mume alimwangalia mkewe.

"Mwenye macho haambiwi tazama," alisema kwa sauti ya chini, akaenda chumbani kutafuta sanduku.

Mkewe alimfuata mbio. Akakiri yote: barafu, rula, pasi. Mzee alikuwa anamudu vizuri, alisema, anapika, anaoga, hajawahi kuvunja hata kijiko. Yale matone ndiyo yalikuwa yanamwongoza, na yeye ndiye aliyeyafuta.

Mumewe alishusha sanduku kutoka juu ya kabati.

"Kumbe haoni kabisa," alisema. "Nilidhani ni uzee tu."

Bi Madoa alikuwa amekuja kumtetea mzee, na mdomo wake mwenyewe ndio uliomfukuzisha nyumbani kwake. Alirudi mezani, akavuta droo, akawasha mshumaa mchana kweupe.

"Baba, nisamehe. Yalikuwa wapi? Nionyeshe mahali penyewe, niyarudishe sasa hivi."

Mzee aliutafuta mkono wake, akaupata, akaupigapiga kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Niliyaweka wakati nuru ilikuwa bado ipo, mama. Kama ningeweza kukuonyesha, nisingeyahitaji."

Chumbani zipu ya sanduku ilifungwa. Nta ikamdondokea Bi Madoa kidoleni, naye akaiacha hapo hapo.